Binamu kuoana: hatari kwa watoto iko wapi hasa?

Mshauri wa magonjwa ya kurithi hahitaji vifaa vingi anapokutana na wachumba kwa mara ya kwanza. Karatasi na kalamu vinatosha. Anachora mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, kisha anawaunganisha kwa mstari. Aliyefariki anakatwa kwa mstari wa mshazari. Mwenye ugonjwa anatiwa rangi. Wachumba wakiwa ni ndugu wa damu, mstari unaowaunganisha huchorwa mara mbili. Mistari hiyo miwili haimaanishi kosa wala aibu. Inamwambia kila atakayeisoma karatasi hiyo kwamba hapa kuna njia mbili za urithi zilizoachana zamani na sasa zinakutana tena, basi atazame kwa makini.

Mazungumzo mengi juu ya ndoa za ndugu hayafiki kwenye karatasi hiyo. Kuna wanaosema watoto watazaliwa walemavu, yamekwisha. Kuna wanaojibu kwamba babu na bibi yao walikuwa binamu na ukoo mzima uko salama, kwa hiyo hayo ni maneno ya watu. Kila upande una chembe ya ukweli, na kila upande unawaacha wachumba gizani. Ndoa hizi si jambo la pembeni: inakadiriwa kwamba watu zaidi ya bilioni moja duniani wanaishi katika jamii ambako ni kawaida ndugu kuoana, na katika nchi kama Pakistan zaidi ya nusu ya ndoa ni za namna hiyo. Watu wengi kiasi hicho wanastahili maelezo yaliyo sawasawa.

Nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama

Karibu kila seli ya mwili wetu ina kromosomu 46, zilizopangwa kwa jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na nyingine kwa mama. Humo ndani zimo jeni, kama 20,000 zile zinazotengeneza protini, na kila moja ni maelekezo ya kazi fulani: hii inatengeneza rangi ya ngozi, ile inavunjavunja sehemu fulani ya chakula, nyingine inatengeneza himoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Kwa kuwa kromosomu ziko jozi, karibu kila maelekezo tunayo kwa nakala mbili.

Nakala hizi huingiwa na makosa. Kila kizazi huongeza yake machache, na mengi hayana madhara yoyote. Lakini yapo yanayoizima jeni kabisa. Mtu mwenye nakala moja mbovu na moja nzima mara nyingi haumwi chochote, maana ile nzima inatosha kuifanya kazi. Huyo anaitwa mbebaji. Ataishi, atazeeka na kuzikwa bila kujua alichokuwa amekibeba. Na hapa pasieleweke vibaya: sisi sote ni wabebaji wa kitu. Hakuna ukoo safi na ukoo mchafu. Kila mmoja wetu ana jeni chache zilizolala namna hiyo.

Ugonjwa hutokea mtoto anapopokea nakala mbovu ya jeni ileile kutoka pande zote mbili. Selimundu, ambayo wengi tunaiita sikoseli, hutokea hivyo. Ualbino pia. Thalasemia (upungufu wa damu wa kurithi), aina nyingi za uziwi wa kuzaliwa nao, baadhi ya magonjwa ya macho yanayoleta upofu taratibu, na mamia ya magonjwa ambayo mwili hushindwa kuchakata chakula au kujikinga na vijidudu, yote yanafuata njia hiyo. Wataalamu huiita njia ya jeni fiche, na jina linafaa, kwa sababu jeni yenyewe inaweza kupita vizazi vinne au vitano bila kujionyesha.

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa jeni ileile, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Nafasi mbili kati ya nne ni za mtoto mbebaji kama wazazi wake, na moja ni ya mtoto ambaye hakuichukua kabisa. Kila mimba inaanza hesabu yake upya. Mama aliyezaa mtoto mgonjwa asiambiwe kwamba zamu imekwisha kupita na watatu wanaofuata watakuwa wazima. Nafasi ya mimba inayofuata ni ileile, moja kati ya nne.

Wa kwanza kuiona njia hii kwa binadamu alikuwa daktari wa London, Archibald Garrod. Alikuwa akifuatilia ugonjwa adimu uitwao alkaptonuria, ambao mkojo wa mgonjwa ukikaa hewani hubadilika ukawa mweusi. Kwa mtoto mchanga, wa kwanza kuushtukia ni yule anayefua nepi. Katika familia moja iliyokwisha kuwa na watoto wenye ugonjwa huo, alipozaliwa mwingine, nepi zake zilikaguliwa moja baada ya nyingine tangu mwanzo, na baada ya siku chache tu madoa yakaonekana. Mtoto alizaliwa nao. Hakuambukizwa na mtu, wala hakulishwa kitu kibaya. Wazazi wa mtoto huyo walikuwa binamu, na Garrod alipoziuliza familia nyingine zenye ugonjwa huo, habari ya binamu ilijirudia mara nyingi mno kuwa bahati tu. Alichapisha maelezo yake mwaka 1902, akisaidiwa na mwanabiolojia William Bateson kuyaunganisha na kanuni ambazo Gregor Mendel alikuwa amezipata miaka ya 1860 kwa kuzalisha njegere.

Binamu wale hawakuutengeneza ugonjwa. Ndoa yao ilizikutanisha nakala mbili za kosa moja la zamani, kosa ambalo pengine lilianzia kwa babu au bibi yao wa pamoja au mbali zaidi ya hapo. Wangeoa na kuolewa mbali, kosa lile lingeendelea kusafiri kimyakimya katika kila upande.

Ndugu yupi ni ndugu?

Kiswahili kina utaratibu wake. Watoto wa baba mkubwa na baba mdogo tunawaita kaka na dada, na watoto wa mama mkubwa na mama mdogo vilevile. Watoto wa shangazi na wa mjomba ndio binamu, na msemo wa “binamu nyama ya hamu” hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote. Ndiyo maana nimesikia mara nyingi kwamba mtoto wa mjomba “si damu sana” kwa kuwa ana ukoo mwingine, na kwamba hatari iko kwa mtoto wa baba mdogo.

Lugha inatenganisha, jeni hazitenganishi, kwa hiyo hapa wote nawaita binamu. Mtoto wa baba mdogo, wa mama mkubwa, wa shangazi na wa mjomba wote wako umbali mmoja kutoka kwako. Mna babu na bibi wa pamoja, na kwa wastani mnashiriki sehemu moja kati ya nane ya vile mlivyorithi, yaani asilimia 12.5. Jina la ukoo halimo katika hesabu hiyo.

Umbali ukipungua, sehemu inaongezeka haraka. Mjomba na mpwa wake wanashiriki robo. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti wanashiriki robo. Kaka wawili wakioa dada wawili wa familia nyingine, watoto wa nyumba hizo mbili wanakuwa binamu kwa upande wa baba na kwa upande wa mama kwa pamoja, na wao pia wanashiriki robo. Watu huwachukulia hao kama binamu wa kawaida, na hapo ndipo makosa ya hesabu hutokea. Kwa ndugu wa tumbo moja, na kwa mzazi na mtoto wake, ni nusu. Umbali ukiongezeka, sehemu inashuka haraka vilevile: mtoto wa binamu mmoja na mtoto wa binamu mwingine wanashiriki sehemu moja kati ya 32, na hatari kwa watoto wao inakaribia ile ya watu wasio na udugu wowote unaojulikana.

Mtoto wa binamu wawili, basi, atakuwa na wastani wa sehemu moja kati ya 16 ya jeni zake ambapo nakala ya baba na nakala ya mama ni kitu kimoja, zote zimetoka kwa babu au bibi yuleyule. Katika sehemu hiyo hana nakala ya akiba. Kama kosa limo humo, litajitokeza.

Ukubwa wa hatari yenyewe

Kwanza tujue kwamba hakuna ndoa isiyo na hatari. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa na wazazi wasio ndugu, wawili au watatu huwa na kasoro kubwa ya kuzaliwa nayo: moyo, uti wa mgongo, figo, na kadhalika. Hiki ndicho kiwango cha kuanzia, na hesabu yoyote ya binamu lazima ianzie hapo.

Utafiti ulionifungua macho mimi ni ule wa mji wa Bradford, Uingereza, ambako wakazi wengi asili yao ni Pakistan. Watafiti waliwafuatilia watoto zaidi ya 11,000 waliozaliwa kati ya 2007 na 2011. Kati ya wale wenye asili ya Pakistan, asilimia 37 walikuwa na wazazi ambao ni binamu wa moja kwa moja. Matokeo yalitoka mwaka 2013: kasoro za kuzaliwa zilikuwa karibu asilimia 3 kwa watoto kwa jumla, na karibu asilimia 6 kwa watoto wa binamu. Mara mbili. Kwa kuwa familia nyingi zilikuwa na hali ngumu ya maisha, watafiti waliangalia kama umaskini ndio uliosababisha, haukuwa wenyewe. Utafiti huohuo uliona pia hatari ikiongezeka maradufu kwa akina mama Waingereza weupe waliozaa wakiwa na zaidi ya miaka 34, na hao hakuna anayewanyooshea kidole.

Asilimia 6 maana yake watoto 94 kati ya 100 wanazaliwa bila kasoro hizo. Ndiyo, yule anayesema babu na bibi yake walikuwa binamu na wote ni wazima anasema kweli, na yuko pamoja na walio wengi. Ila kasoro zinazoonekana wakati wa kuzaliwa si hesabu yote. Kuna magonjwa ya jeni fiche yanayokawia: mtoto anayezaliwa vizuri kisha kusikia kunapotea, anayepata degedege la kujirudia, anayeanza kutembea kisha anaacha, anayeugua homa ya mapafu kila mwezi kwa kuwa kinga yake haipo. Vifo vya watoto pia huwa vingi kidogo: tafiti nyingi zikijumlishwa, watoto wa binamu wanaofariki kabla ya kukua ni zaidi kwa watatu au wanne katika kila 100.

Lakini jambo ninalolitilia mkazo kuliko yote ni hili: asilimia 6 si hatari ya familia yoyote. Ni wastani. Ndani yake zimo familia nyingi ambazo binamu wawili hawakushiriki jeni yoyote ya hatari, na watoto wao wako karibu sawa na watoto wengine. Humohumo zimo familia chache ambazo wote wawili wamebeba kosa moja, na hatari ya kila mimba yao ni asilimia 25. Ukichanganya hizo mbili na kugawanya, unapata namba ambayo haimhusu mtu yeyote hasa. Swali la maana kwa wachumba, basi, ni wao wako katika kundi lipi.

Hesabu nyingine inasaidia kuliona hili. Chukua jeni mbovu adimu, iliyobebwa na mtu mmoja kati ya 100. Watu wawili wasio ndugu wakioana, nafasi ya kupata mtoto mwenye ugonjwa wake ni 1 kati ya 40,000. Kwa binamu inakuwa karibu 1 kati ya 3,000. Ni ongezeko la kama mara 13, na ndiyo sababu magonjwa ambayo daktari anaweza kuyaona mara moja tu katika maisha yake ya kazi hutokea sana kwa watoto wa ndugu. Sasa chukua jeni iliyoenea, kama ya selimundu katika baadhi ya sehemu za Afrika, ambako mbebaji ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Kwa wasio ndugu, nafasi ni kama mtoto 1 kati ya 100. Kwa binamu inapanda kidogo tu, kama 1.6 kati ya 100.

Hilo la pili watu hawalitarajii. Kuoa mgeni kabisa, wa kabila lingine na mkoa mwingine, ni kinga nzuri dhidi ya magonjwa adimu na kinga hafifu dhidi ya selimundu. Mtu anayekataa kumwoa binamu yake kwa kuogopa sikoseli, kisha akaoa mbali bila kupima, hajajikinga na sikoseli.

Vizazi vinavyorudi palepale

Hesabu ya moja kati ya 16 inachukulia kwamba babu na bibi wale hawakuwa ndugu. Katika koo ambazo binamu wameoana kizazi baada ya kizazi, mambo hujikusanya. Mfano unaojulikana sana ni wa ukoo wa kifalme wa Habsburg. Mfalme Carlos II wa Hispania, aliyezaliwa 1661, baba yake Felipe IV alikuwa mjomba wa mama yake. Kwa ndoa hiyo peke yake, sehemu ya jeni zake zenye nakala za aina moja ingekuwa moja kati ya nane. Watafiti walipofuatilia ukoo wake wote nyuma kwa vizazi vingi, ndoa ya ndugu juu ya ndoa ya ndugu, walipata karibu robo, yaani kama mtoto wa kaka na dada wa tumbo moja. Alichelewa sana kutembea na kuongea, akawa mgonjwa maisha yake yote, akaoa mara mbili bila kupata mtoto, na kifo chake mwaka 1700 kikaleta vita ya kugombea kiti chake iliyoihusisha Ulaya nzima.

Wachumba wanaoulizwa kama ni ndugu hujibu “ndiyo, mama zetu ni dada,” wakaishia hapo. Mshauri mzuri haishii hapo. Anauliza: na wazazi wa mama zenu, wao walikuwa nani kwa nani?

Upande mwingine wa jambo hili unawapa watu nafuu kubwa na hausemwi vya kutosha. Mrundikano huo unakatika mara moja. Binti aliyezaliwa na wazazi binamu, hata kama na babu zake walikuwa binamu, akiolewa na mtu asiye ndugu yake, watoto wake hawana ile sehemu ya nakala za aina moja. Wanaanza upya. Hakuna sababu ya kisayansi ya kumkimbia mchumba kwa kuwa wazazi wake walikuwa ndugu. Kinachohesabiwa ni udugu kati yako na yeye.

“Mbona sisi wote wazima?”

Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin alimwoa binamu yake Emma Wedgwood mwaka 1839. Walizaa watoto kumi. Watatu walifariki wakiwa wadogo, mmoja wao Annie, aliyefariki 1851 akiwa na miaka kumi, msiba ambao baba yake hakupona nao. Darwin alikuwa amechunguza jinsi mimea inavyodhoofika inapojichavusha yenyewe, na wasiwasi juu ya watoto wake ulimsumbua kiasi kwamba mwaka 1870 aliomba, kupitia rafiki yake mbunge John Lubbock, sensa ya mwaka uliofuata iulize watu kama wameoa binamu. Bunge lilikataa. Watoto wake watatu wa kiume walikuja kuwa wanasayansi wakubwa.

Familia hiyo moja inatosha kuthibitisha upande wowote utakao, na hilo ndilo tatizo la kutumia familia moja kama ushahidi. Hesabu yenyewe inaruhusu. Wazazi wawili ambao kweli ni wabebaji wa ugonjwa mmoja, wakizaa watoto wanne, wana nafasi ya karibu theluthi moja kwamba hakuna hata mmoja atakayeugua. Wakizaa wawili tu, nafasi hiyo inazidi nusu. Kwa hiyo “sisi wote wazima” inaweza kuwa kweli katika nyumba ambayo jeni ile imo, imelala, inasubiri wajukuu.

Na kuna watoto waliokufa zamani ambao hakuna aliyejua kilichowaua. Palipokuwa na surua, malaria na kuhara, mtoto wa miezi mitano aliyeacha kunyonya na kufa alihesabiwa miongoni mwa wengine. Leo chanjo na dawa zimeyapunguza maradhi hayo, na magonjwa ya kurithi yanaonekana wazi zaidi kwa sababu hayana tena pa kujificha.

Yasiyohusika

Kuna magonjwa ambayo ndoa za ndugu hulaumiwa bure. Ugonjwa wa Down hutokana na kromosomu moja ya ziada, na kinachoongeza hatari yake ni umri wa mama. Himofilia, ambayo damu haigandi, jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mama mbebaji anaweza kumpa mwanawe wa kiume hata baba akiwa ametoka bara jingine, na ndivyo ilivyosambaa kwa watoto na wajukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza. Magonjwa yanayohitaji nakala moja tu mbovu, kama aina iliyo ya kawaida zaidi ya umbilikimo, hayaongezwi na udugu wa wazazi.

Makundi ya damu nayo yanachanganya watu. Wachumba huambiwa “damu zenu hazipatani,” wakadhani ni habari ya undugu. Suala la Rh (ile chanya au hasi inayoandikwa kando ya kundi la damu), mama akiwa hasi na mtoto chanya, ni jambo jingine kabisa, lina sindano yake ya kinga, na linaweza kumpata yeyote.

Kuna lawama moja inayonikera, nayo ni ya kumtupia mama. Mtoto anazaliwa na ugonjwa wa jeni fiche, na mke anaambiwa ameleta mkosi, anarudishwa kwao, mume anatafutiwa mke mwingine. Ugonjwa wa namna hii hauwezi kutokea bila nakala mbili, na moja yake imetoka kwa baba. Nusu kwa nusu, kila mara. Mume huyohuyo akimwoa binamu mwingine wa ukoo uleule anaweza kukutana na jeni ileile, wakati yule mke aliyefukuzwa akiolewa nje huenda akazaa watoto wazima watupu. Nimewaona wanawake waliobeba lawama hiyo miaka, na hakuna aliyewahi kuwaeleza sentensi hizi chache.

Kinachoweza kufanyika

Nchi zimechukua njia tofauti. China ilizuia ndoa za binamu katika sheria ya ndoa ya 1980, majimbo mengi ya Marekani yanazikataza, Uingereza inaziruhusu. Sheria inaweza kupunguza ndoa, lakini haiwezi kumwambia mtu amebeba nini. Zaidi napenda njia ya kupima. Cyprus, ambako thalasemia ilikuwa imeenea mno, ilianza miaka ya 1970 kuwapima watu kabla ya ndoa, na watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo wakapungua hadi karibu kuisha. Saudi Arabia tangu 2004 imewataka wachumba wote wapimwe selimundu na thalasemia. Uamuzi wa kuoana unabaki kwao. Shida iliyoonekana huko ni ya wakati: majibu yakija karibu na harusi, kadi zimeshagawiwa na wageni wameshaalikwa, ni vigumu mtu kurudi nyuma. Apimwe mapema, kabla ya posa ikiwezekana.

Kipimo cha selimundu na thalasemia ni cha damu tu. Kwa magonjwa adimu mambo si mepesi hivyo, maana hakuna kipimo kimoja kinachokamata kila kitu, na majibu mazuri hayamaanishi usalama wa asilimia mia. Pakiwa na mtoto mgonjwa katika ukoo, njia bora ni kumpima yeye kwanza. Ikijulikana ni jeni gani, kuwapima ndugu waliobaki kunakuwa swali dogo lenye jibu la ndiyo au hapana. Wabebaji wawili waliokwisha oana wanaweza kupima mimba, kwa kuchukua sampuli ya kondo kuanzia kama wiki ya 11 au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, na penye uwezo wa kitaalamu viinitete, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, hupimwa kabla ya kupandikizwa. Kila uamuzi hapo ni mzito na ni wa wenyewe.

Kwa walio tayari ndani ya ndoa, nawaomba jambo moja: mwambieni daktari wa mtoto kwamba ninyi ni ndugu, hata kama hakuuliza, hata kama mnaona haya. Kwake hiyo ni dalili kama homa ilivyo dalili. Mtoto wa siku tatu anayeacha kunyonya na kulegea anaweza kutibiwa maambukizi peke yake wakati mwili wake unashindwa kuchakata maziwa, na habari ya udugu ndiyo itakayomfanya daktari aagize kipimo kingine siku ileile. Baadhi ya magonjwa haya yana tiba. Mwenye fenilketonuria, ugonjwa ambao mwili hushindwa kuchakata sehemu fulani ya protini, akigunduliwa kwa tone la damu la kisigino katika siku zake za kwanza na kupewa chakula maalumu, anakua na akili yake timamu. Asipogunduliwa, ubongo unaharibika bila kurudi. Mtoto wa selimundu anayejulikana mapema hupewa penisilini ya kinga, chanjo, na baadaye dawa iitwayo haidroksiyurea. Kiziwi akijulikana akiwa na miezi michache hupewa kifaa cha kusikia au lugha ya alama kabla miaka ya kujifunza kuongea haijapita.

Na kabla ya hayo yote, kuna ile karatasi. Wachumba wanaokwenda kwa mshauri hufika na majina ya walio hai. Wajomba, mashangazi, idadi ya watoto wao, nani anavaa miwani, nani ana kisukari. Wanaosahaulika ni wale waliokufa wadogo, kwa sababu hawatajwi, wengine hata majina hawakupewa. Wanaowakumbuka ni akina bibi. Nendeni mkakae naye bibi wa kila upande, taratibu, bila kumharakisha, mkamuulize alizaa wangapi na si anao wangapi. Muulizeni dada zake nao walizaa wangapi, na wale waliotangulia walikuwa na umri gani, walianza kuumwa vipi, walilia namna gani, ngozi ilikuwaje, walishika shingo au hawakushika. Akisema “wawili wa kiume, wote walilegea kabla hawajakaa,” iandikeni kama alivyosema, kwa maneno yake, mkaipeleke.